Marahaba Kutoka Ukara

Kidole cha Kokuberwa kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta zana yake ya zamani. Kampuni yao ya afya imekua, na bosi anataka zana moja tu ya kupima programu kabla haijaenda zahanati.

Ile ya zamani Kokuberwa aliitengeneza kwa utani. Kupitia programu inayopimwa, inamtumia nesi wa kisiwa cha Ukara ujumbe, "Shikamoo mama." Akijibu marahaba, wanajua majibu ya vipimo vya wagonjwa yatamfikia. Na mama yule huwa hachelewi.

Zana mpya ilishaonyesha kijani tupu: programu haina kasoro.

"Futa bwana, tukale sato," bosi alisema.

"Ngoja mama aitikie."

"Kijani hiyo, we Mhaya. Unasubiri baraka?"

Simu ilikaa kimya mezani. Kokuberwa alikivuta kidole taratibu, akakikunja ndani ya kiganja.

"Hajaitikia, bosi. Programu haiendi."