Njuga za Nyati

Zamani hizo, magurudumu hayajazaliwa, mwenye heshima zake alisafiri mgongoni mwa Nyati. Njuga za shaba zikilia miguuni pake, hata Tembo alipisha njia. Simba hakupanda mgongo mwingine.

Wanyama wadogo nao wakatamani kupanda. Nyati akaona bahati hiyo isimpite: akakodi punda, akawavalisha njuga kama zake, na abiria wakajaa. Msimu mzima mambo yakamnyookea. Halafu siku moja Simba hakutokea, wala siku iliyofuata.

Nyati alikuwa na tabia ya kumshuku kila mnyama isipokuwa yeye mwenyewe. Akamshuku Ngamia, yule mgeni. Akajibanza kichakani, na kweli, akamwona Simba juu ya nundu.

"Nilijua," akasema akichomoza. "Mheshimiwa, huyu kanichongea nini kwako?"

"Huyu hasemi, anatafuna tu," Simba akajibu. "Juzi nilisikia njuga, nikapanda kwa mazoea, bila kutazama. Nikabwagwa matopeni, fisi wakanicheka mpaka wakakaa chini. Siku hizi nikisikia njuga, nashika njia nyingine."

Nyati akarudi kijiweni. Jioni akaja Kobe, anataka kuvushwa mto. Nyati akampigia magoti. Kobe hakupanda. Alimzunguka taratibu, akamnusa kwato, akamkodolea macho kichwani.

"Usikasirike, mzee," akasema. "Hizo pembe ni zako, au nazo wamekuvalisha?"