Paja Dirishani

Kwa mara ya nne Siwema aliingia masijala ya hospitali kuulizia majibu ya picha ya CT scan ya paja lake, iliyopigwa baada ya daktari kushuku saratani ya msuli. Karani Makungu hakuinua kichwa.

"Bado haijasomwa, mama. Daktari ana picha nyingi."

"Miezi mitano, mwanangu. Uvimbe ulikuwa kama ndimu, sasa umekuwa kama embe."

"Vuta subira, mama."

Siwema alikaa kwenye benchi aupumzishe mguu. Mbele yake kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, na pengo limezibwa kwa picha nyeusi iliyobandikwa kwa plasta ili vumbi lisiingie. Jua lilipenya ndani yake. Aliona safu za picha ndogo, kila moja ikionyesha mapaja mawili yaliyokatwa kama vipande vya muhogo, na kila paja la kushoto, upande wenye uvimbe wake, lilikuwa na doa. Pembeni, kwa herufi ndogo nyeupe, lilikuwepo jina lake.

Alinyanyuka, akabandua plasta moja moja. Upepo ukaingia, ukatawanya mafaili ya Makungu.

"Mama, unaharibu mali ya hospitali."

"Hili ni paja langu," alisema. "Limeshawakinga vumbi vya kutosha."

Akaipangusa picha kwa kanga, akachechemea hadi chumba cha daktari, akasukuma mlango bila kubisha hodi. Akaiinua picha kwa mikono miwili, jua likiwa mgongoni mwake, na kivuli cha picha kikatua kwenye koti jeupe la daktari, aliyekuwa bado anaandika.