Karo ya Muhula wa Mwisho

"Huyu ni nani kwako?" mmishonari aliyesimamia chuo alimwuliza Chepkurui. "Hatupokei karo ya mtu baki."

Mwaka huo wa 1957 ulibaki muhula mmoja tu awe mwalimu, na baba yake hakuwa na kitu. Mfanyabiashara wa viazi kutoka Mau Narok, aliyemposa mara nyingi bila kujibiwa, alikuwa ameshaweka noti mezani. Udongo mweusi ulikuwa umeganda kwenye kucha zake.

Chepkurui alifuta chaki vidoleni.

"Ni mume wangu."

Yule mwanamume akatabasamu. Akazikusanya noti polepole, akazirudisha mfukoni.

"Mama, umesikia kwa kinywa chake," akamwambia mmishonari. "Mke wangu hana haja ya masomo tena. Akafunge sanduku lake."