Bilauri ya Tangini

Majani yaliyopandwa ndani ya tangi la samaki yalikuwa yameoza ncha, kama yaliyobabuliwa na moto. Bi mkubwa alichomoa moja, akalilamba, akakunja uso, akamwita mtumishi wake.

"Mbeyu! Humu umetia maji gani?"

"Yale ya kununua, ya mkokoteni, mama. Matamu."

Uongo mtupu. Yalikuwa ya kisima, ya chumvi. Yale matamu kaoshea nywele zake. Lakini akikiri, kazi hana.

Bi mkubwa alichota bilauri tele mle tangini, akampa, kisha akajiweka kitini mlangoni, mwili wote, hata paka hapiti.

"Basi kunywa, mwanangu. Joto hili!"

Kipande cha jani kilielea juu. Mbeyu akafumba macho, akaigugumia yote, machozi yakamlengalenga.

"Matamu," akasema.

"Alhamdulillahi. Nikuongeze?"