Kinywaji cha Kumi

Orathai aliinua glasi ya tisa, kahawa nyeusi ya barafu.

"Oliang," akasema baba yake.

Sawa. Akainua cha kumi, chupa ya soda nyekundu. Mzee Thawin akaitazama, akafumbua mdomo, akaufumba tena.

"Nam daeng, baba. Nam ni maji, daeng ni mekundu. Sema."

"Na... na..."

Basi, imeishia hapo. Wiki ya tatu sasa mzee alikuwa anakwama palepale.

Orathai akatia mrija kwenye chupa, akampa baba yake aipeleke kwenye kibanda cha mizimu, kile kidogo cha juu ya nguzo pale uani. Hakukasirika wala hakusikitika. Siku hizi hakuwa anasikia kitu, si chumvi ya supu, si joto la Aprili. Alishinda na shati lake la kiwandani la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Siku aliyofika, baba yake alilinyooshea kidole shati hilo, naye akamjibu kwamba hapa mferejini mbu wamezidi.

Kiharusi kilimpata mzee mwezi Januari. Kikamwachia mikono na miguu, kikaondoka na maneno. Na muuza vinywaji asiye na maneno atauza nini? Ubao wake ulikuwa na vinywaji kumi. Orathai akaja kutoka Rayong kumfundisha, kwa ruhusa ya mumewe, Anucha. Ruhusa, eti, mwanamke wa miaka thelathini na nne kumwona baba yake mzazi. Na ruhusa yenyewe ilikuwa na mpaka: mzee akishajua majina yote kumi atajitegemea, na mke atarudi kwake siku hiyohiyo.

Kila siku saa sita Anucha alipiga simu. Orathai aliiweka mezani kwa spika, maana mikono yake ilikuwa kwenye barafu.

"Bado?"

"Limebaki moja."

"Moja, moja, mwezi mzima moja! Usinichezee, Orathai. Unajua nikija huko mwenyewe itakuwaje."

"Najua."

Aliendelea kuponda barafu. Mzee alikuwa kando yake anapanga mirija, kichwa chini.

Jumatatu alikuja mama Samruai, mhudumu wa afya wa kijiji, kupima presha na kunywa chai ya bure.

"Tisa kwa wiki mbili, halafu moja kwa wiki tatu?" akasema. "Thawin, ni ugonjwa huo au umenogewa kudekezwa?"

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Na kule kibandani unaiambia nini mizimu, kila siku nakuona midomo inacheza?"

"Anaomba tu, mama," Orathai akamjibia. "Anaomba bila maneno."

"Mh," akasema Samruai, akamfunga mzee kipimo mkononi.

Jumatatu iliyofuata kipimo hakijafungwa vizuri, gari la Anucha likasimama mbele ya meza. Alishuka na viatu vyeupe, hakumwamkia mtu.

"Panga nguo zako," akamwambia mkewe. "Huyu nitampima mwenyewe."

Orathai akaingia nyuma ya pazia. Zilikuwa nguo chache, akazikunja moja moja. Aliijua njia yote ya kurudi Rayong, na ile nyumba, na mlango unavyofungwa nyuma yake. Hakuogopa. Alitamani angalau aogope.

Nje Anucha aliinua glasi ya maji.

"Hiki nini?"

Maji ndilo neno la kwanza ambalo mzee alilipata tena, tangu Februari.

"Ga," akasema mzee.

"Na hiki?"

Chai ya maziwa. "Ga." Maji ya ndimu. "Ga." Mate yakaanza kumtiririka kidevuni. Anucha alipomsogezea kahawa ya barafu, mzee akaipokea kwa mikono miwili, ikamponyoka, ikamwagika yote juu ya vile viatu vyeupe.

Orathai akatoka mbio, begi mkononi.

"Asubuhi alikuwa anajua tisa," akasema. "Asubuhi hii hii." Na kwa mara ya kwanza tangu atoke Rayong akasikia kitu kifuani, akaogopa, lakini kwa ajili ya baba yake.

Samruai akakitazama kipimo, akamtazama mzee, akakitazama tena kipimo.

"Huyu sasa ni wa kulishwa na kuoshwa," akasema. "Lakini hamna shida, Anucha, wachukue wote wawili. Gari lako kubwa, kiti cha nyuma kinamtosha. Nepi za kuanzia nitakupa mimi."

Mzee akamshika mkwewe mkono, akauvuta hadi shavuni, kwenye mate. Anucha akauchomoa na kuufuta kwenye suruali.

"Kaa naye," akamwambia mkewe. "Kaa naye mpaka umzike, na simu yangu usiipige."

Gari likageuka, likapanda daraja la mfereji, likapotea. Samruai akakunja kipimo chake. Orathai akapiga magoti mbele ya baba yake, akaleta kitambaa amfute mdomo.

Mzee akakichukua kitambaa, akajifuta mwenyewe.

"Nam daeng, mwanangu," akasema. "Lete chupa mbili, moja ya kibandani, moja yangu. Na hilo shati la mikono mirefu livue sasa. Mbu ameshaondoka."