Kiti cha Mwenye Nyumba

Zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwa Tusekile, alifagia ua mara mbili, akapiga pasi shati la mumewe na kulitundika nyuma ya mlango. Kwenye kiti cha mumewe akaweka Biblia. Kwao ilikuwa desturi baba mwenye nyumba ndiye akaribishe watu na kusoma Neno, na huu ulikuwa mwaka wa pili Tusekile akisema mumewe yuko safarini.

Wenzake walikaa mkekani, wakaimba nyimbo tatu. Kila aliposikia nyayo nje, Tusekile aligeukia mlango.

"Shati limenyooka kweli," alisema Mama Subilaga. "Linamngoja nani, mwenzetu?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Mzee Lutengano, kiongozi wao, aliinama karibu naye. "Binti yangu, tumsubiri baba, au nisome mimi?"

Tusekile alikitazama kile kiti. Mzee akisoma, yeye atabaki mke wa msafiri, na wiki ijayo watamuuliza tena.

"Usisome, baba," alisema polepole. "Wala msimsubiri. Hayuko safarini. Ana nyumba nyingine."

Aliichukua Biblia, akaketi kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia.

"Karibuni nyumbani kwangu," alisema, akaanza kusoma.

Hajamaliza mstari wa kwanza, mlango ukasukumwa, shati likayumba. Wote waligeuka kutazama kama ni upepo au ni mwenye shati. Tusekile hakugeuka, ila kidole chake kilisimama kwenye neno, hakikusogea.