Duara la Mbuzi

Mpini wa jembe ulivunjika, nikarudi kutoka shamba kabla ya adhuhuri. Nyuma ya nyumba nilimkuta binti yangu, Faudhia, akikimbia kuzunguka kigingi cha mbuzi. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani.

"Mama, ona ninavyokimbia!"

Nilipiga magoti nikafungua fundo. Kando ya mchubuko mbichi kulikuwa na kovu lililokwisha kukauka.

Ndipo nilipotazama chini. Majani yote kuzunguka kigingi yalikuwa yameisha, udongo umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Wiki tatu nzima nilikuwa nikilipita duara lile nikidhani ni la mbuzi.

Mume wangu alitoka ndani. "Unamfungulia nini? Juzi nusura agongwe na bodaboda. Nitamkimbiza mpaka lini?"

"Daktari wa Korogwe alisema nini mbele yako? Si alisema huyu si mtukutu wala hana pepo, ni ubongo wake ndio hautulii?"

"Daktari hakai naye kutwa."

"Mimi pia nakaa naye nikitoka shamba. Nilishawahi kumfunga?"

Akacheka. "Ni nusu saa tu, mama Faudhia. Kamba haijaua mtu."

Faudhia alikuwa ameshakimbilia kwa kuku. Kamba ilibaki mkononi mwangu, bado ina joto la mguu wake.

"Nusu saa tu, eeh?" nikamwambia baba yake. "Haya, lete mguu."